Ukuta wa Mtu Aliyeketi

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na njia ya kutoka bondeni ilikuwa tope tupu. Bernadeta aliipanda kwa mikono. Kila kiganja alikivalisha ndara ya tairi, magotini amejifunga vipande vya mpira wa gari, na mgongoni, ndani ya kanga iliyokazwa kifuani, amebeba bonge la udongo wa kufinyangia. Watu wa Manzese waliokuwa wakiwahi kazini walimpita, wengine wakamruka pale njia ilipobana. Tope la miguu yao lilimrukia usoni. Hakujipangusa. Kujipangusa kulitaka mkono mmoja, na mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Alipofika uani kwake aliona kwanza viatu. Viatu vyeusi vya kamba, vimesimama katikati ya vyungu alivyovianika chini ya upenu. Chungu kimoja kilikuwa kimelala ubavu, kimebonyea.

"Nyie, mnanikanyagia vyungu."

Kijana mwenye viatu alikuwa na kopo la rangi nyekundu. Alichovya brashi, akatafuta nafasi ukutani, akachora X. Brashi ilipita juu ya goti la mwanamke wa udongo aliyefinyangwa hapo amebeba kuni, ikapita juu ya kisigino cha mtoto wake, ikarudi. Rangi ikachuruzika hadi chini.

Nyuma ya kijana alisimama Mzee Bakari, balozi wa nyumba kumi, na mwavuli wake.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, ni maendeleo haya. Barabara inapanuliwa na vibanda vyote vya upande huu vinaondoka. Mtapewa ghorofa kule Kinondoni. Saruji tupu. Bomba ndani, choo ndani."

"Na mie?"

"Na wewe umo. Nimehakikisha umo."

"Siulizi kama nimo, mzee. Nauliza nitapandaje."

Bakari aliukung'uta mwavuli wake, ingawa haukuwa na maji.

"Watu wanapanda, Bernadeta. Ngazi zipo."

*

Nyumba ile aliipanga mwenyewe, akibishana na fundi aliyekuwa anacheka. Kizingiti hapana. Mlango mpana. Dirisha chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi; fundi alisema mbuzi watachungulia, naye akamjibu, wachungulie. Pipa la maji lilizikwa ardhini mpaka mdomo wake ukalingana na sakafu, akawa anachota bila kumwomba mtu. Homa ya utotoni, kule kijijini Masasi, ilimwachia mikono ikachukua miguu. Tangu hapo alikuwa mtu wa kubebwa mgongoni, kuwekwa mahali, na kusahauliwa hapo alipowekwa. Katika nyumba ile hakuna aliyembeba.

Mdogo wake Filomena aliishi naye. Asubuhi alikaanga vitumbua mbele ya nyumba, mchana akapeleka vyungu vya dada yake sokoni. Walikula, walivaa, na masika yalipokwisha walipaka nyumba chokaa upya, isipokuwa ukuta wa mbele.

Ukuta wa mbele haukupakwa chokaa. Bernadeta aliufinyanga kidogo kidogo kwa miaka, kila mvua ilipoacha udongo mzuri bondeni, akiwatokeza watu ukutani. Watu wake hawakufanana na wale wa kwenye mabango ya chama, wenye vifua vipana na taya za chuma. Miguu yao ilikuwa mikubwa mno, vidole vimetanuka, visigino vimepasuka. Magoti yalijaa kama vibuyu. Zikafuata pindo za kanga, vikapu vinavyoning'inia, vidole vya watoto vilivyoshikwa na vidole vya mama. Halafu mwili ulipanda ukipungua, ukipungua, mpaka juu kabisa kichwa kidogo kama embe changa, kinatazama mbali. Weupe wa macho aliutoa kwenye udongo mweupe wa Pugu. Watoto wa jirani waliupenda ukuta ule kuliko watu wazima, kwa sababu waliuelewa.

*

Wiki ile ile alikuja mtu wa kupima. Alivaa suti ya chunlai iliyofungwa vifungo hadi shingoni, amebeba tepu na kamera, na lafudhi yake ilikuwa ya Bukoba. Alijitambulisha kwa jina la Gozbert, msanifu wa majengo wa Shirika lililokuwa likijenga ghorofa zile. Alikuja kupima upana wa barabara, lakini alipofika mbele ya ukuta aliiachia tepu ikajikunja yenyewe.

"Nani kafanya hivi?"

"Mie."

Alimtazama, akautazama ukuta. Kisha akachuchumaa, hata suruali yake ikagusa tope, wala hakujali. Bernadeta alimpenda kwa hilo. Watu wengi waliozungumza naye walizungumza na utosi wake.

"Mbona miguu ni mikubwa hivi? Ni nguvu ya mkulima?"

"Ndivyo watu walivyo."

Gozbert alicheka kidogo, akidhani amejibiwa kwa fumbo. Alipiga picha nyingi. "Ndugu Bernadeta, hii ni sanaa ya taifa. Ukuta huu hauvunjwi, nakuahidi."

Filomena alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. "Na nyumba je, baba?"

"Nyumba ni suala lingine."

"Basi tupeni chini," Bernadeta alisema. "Kwenye hizo ghorofa. Mie sitaki bomba wala nini. Chumba cha chini tu."

"Chini ni ofisi ya tawi, duka la ushirika na stoo. Ramani imeshapitishwa."

"Ramani aliichora nani?"

Gozbert alisimama, akaanza kupangusa magoti. "Mimi."

"Ulipoichora ulikuwa unawafikiria akina nani?"

"Wananchi," alisema. Alionekana kutaka kuongeza kitu. "Familia ya kawaida. Nitazungumza na wakubwa, dada. Lazima tutaona la kufanya."

Alitimiza nusu ya ahadi. Walikuja mafundi na misumeno, wakaukata ukuta vipande pamoja na miti yake, wakavifunga kwa magunia na majani makavu ya mgomba. Waliubeba ukuta taratibu, wakiambizana pole pole, angalia hapo, kama wanaobeba mgonjwa. Nyumba ikabaki haina uso. Ukiwa barabarani uliona kitanda, sufuria, kalenda ya misheni. Mchana likaja katapila. Filomena alikuwa bado hajaipua vitumbua vya mwisho.

*

Ukuta ulipelekwa Temeke, kwenye ukumbi mpya wa maonyesho. Siku ya ufunguzi Gozbert alituma gari liwachukue kwa ndugu waliowahifadhi tangu nyumba ivunjwe. Filomena alimsuka dada yake nywele, akamvalisha gauni la kijani la harusi ya binamu yao, na mikononi Bernadeta akavaa ndara mpya, zilizokatwa kwenye tairi ambalo halijaisha.

Ukumbi ulijengwa juu ili uonekane kutoka barabarani. Ngazi zake zilikuwa pana kama uwanja, hazina pa kushika, na katikati yake lilitandikwa zulia jekundu. Kijana mwenye utepe kifuani aliwapokea kabla hawajasema neno.

"Wasiojiweza kule, hemani."

"Huyu si wa hemani," Filomena alisema. "Huyu ndiye aliyefinyanga ukuta mlio nao humo ndani."

"Sawa, mama. Hemani."

Gozbert aliteremka mbio, jasho limemtoka. "Dada Bernadeta! Karibu sana. Leo ni siku yako." Akatazama ngazi, akatazama saa. "Mgeni rasmi yuko njiani. Akishatembezwa, nitakupandisha mimi mwenyewe."

"Napanda sasa. Naweza, kwa mikono."

Gozbert aliyatazama magoti ya Bernadeta, ile mipira na vumbi la uwanja lililoshika pindo la gauni.

"Zulia," alisema. Neno likawa kama limemponyoka. "Namaanisha, tusubiri kidogo."

Hemani walikuwamo wazee vipofu wawili watatu, mwanamume aliyekatwika vidole kwa ukoma, na akina mama wenye watoto wasioweza kukaza shingo. Waligawiwa soda. Kipaza sauti kilifungwa juu ya mlango wa ukumbi, na Bernadeta akaisikia sauti ya Gozbert ikimweleza mgeni. Miguu hii mikubwa, ndugu mgeni rasmi, ni mkulima aliyesimama imara juu ya ardhi yake. Ni mtindo wa kale wa watu wa Kusini. Kazi hii haina jina la mtu mmoja; ni kazi ya wananchi. Watu wakapiga makofi.

Filomena aliingia ndani kuangalia, akarudi. Alikaa kwenye nyasi karibu na dada yake.

"Vipi?"

"Wameuinua, dada. Wameujengea kijukwaa cha saruji, kimo cha goti langu hiki. Vile vichwa vidogo vinakutana na watu uso kwa uso." Aling'oa jani, akalikata kwa kucha. "Wengine wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Wanasema ni vinyago vya kuchekesha."

Mgeni rasmi alipotoka alikuja hemani. Alimpa kila mmoja blanketi la kijivu, na mpiga picha akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua mbele yake. Alipomfikia Bernadeta aliinama, akamwambia kwamba nchi haitawasahau. Bernadeta alifungua mdomo ili aseme jambo, lakini taa ya kamera ilimulika, na alipofumbua macho mgeni alikuwa kwa mtu wa pili. Msafara ukaondoka. Gozbert alikuwa kwenye gari la nyuma. Aliteremsha kioo, akanyoosha kidole kuonyesha kwamba anarudi. Kijana mwenye utepe akafunga milango ya ukumbi, na wafanyakazi wawili wakaanza kulikunja zulia.

*

Ghorofa yao ilikuwa ya tatu. Siku ya kuhamia wanaume wa jirani walimbeba Bernadeta kwenye kiti, wakitaniana, mmoja akiimba wimbo wa bwana harusi. Walimweka katikati ya chumba, wakapewa maji, wakashuka. Basi.

Kila kitu kilikuwa kimejengwa juu. Swichi ya taa juu, komeo la mlango juu, bomba la jikoni juu ya sinki la zege. Choo kilikuwa na ngazi ya kupanda. Nje kulikuwa na kibaraza kizuri cha kupungia upepo, kimezungushiwa ukuta unaofika kifuani mwa mtu aliyesimama. Bernadeta akiketi pale alikuwa kama mtu aliye kisimani. Aliona mbingu na kamba za kuanikia nguo. Mtaa aliusikia tu.

Maji nayo hayakuwa na nguvu ya kupanda. Yalifika ghorofa ya kwanza, siku njema ya pili, na bomba lao likabaki kukohoa. Filomena aliamka kabla ya jua, akashuka na ndoo kwenye bomba la uani, akapanda, akashuka tena. Vitumbua akavipunguza. Udongo alijaribu kuuleta mara moja, akaumimina kwenye karai, na Bernadeta akafinyanga vyungu vizuri vinne. Hapakuwa na pa kuvichomea ila kibarazani. Moshi ulipotoka kibarazani kamati ya jengo ilipanda, na Mzee Bakari, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wake, alisimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Hii ni nyumba ya kisasa, wanangu. Hatuchomi vyungu kwenye nyumba ya kisasa. Na udongo unaziba mifereji."

"Basi nishuke nikafanyie kazi uani," Bernadeta alisema.

"Nani anakukataza?"

Akashuka. Kushuka hakukuwa kugumu, alikaa akajiachia ngazi moja baada ya nyingine. Siku ile aliona mtaa kwa mara ya kwanza, mabanda ya matofali, mwembe mchanga uliozungushiwa miba, wanawake wakimkaribisha. Alifinyanga hadi jua likageuka. Kisha akapanda. Ngazi zilikuwa ndefu na kingo zake zilikuwa kali, lipu haijamaliziwa, na katikati ya safari mpira wa goti la kulia ulifunguka bila yeye kujua, maana goti lile halikuwa na hisia za kutosha. Waliokuwa wanateremka walimwomba apishe. Mama mmoja alimwambia kwa upole kwamba anaziba njia, na kuna mjamzito huku juu. Alipofika mlangoni Filomena alipiga ukelele, kwa sababu nyuma ya dada yake ngazi zilikuwa na mstari wa damu.

Kidonda hakikukauka. Zahanati walimpa poda ya njano alipobebwa huko mara ya kwanza. Mara ya pili wabebaji hawakupatikana. Kidonda kikachimba. Harufu yake ilikuwa ya mahali palipofungwa muda mrefu, na Filomena aliacha mlango wa kibaraza wazi mchana kutwa.

"Ningemwona Gozbert," Bernadeta alisema siku moja. "Angeyaona haya kwa macho yake."

"Nilikwenda ofisini kwao juzi. Hayupo. Amehamishiwa Dodoma, wanajenga makao makuu mapya."

"Watajenga ngazi huko," Bernadeta alisema. Hakulitaja tena jina la Gozbert.

*

Kiangazi kile ilianza operesheni. Redio ilitangaza kwamba mjini hapakaliwi bure, kila mtu aonyeshe kazi yake, na asiye na kazi arudi shamba akajenge taifa. Mgambo walisimamisha watu vituoni, sokoni, kwenye foleni za sukari. Watu walitoka nyumbani asubuhi, jioni hawakuonekana.

Mzee Bakari alipanda tena. Safari hii alikubali kiti.

"Filomena, mwanangu, kazi yako tuiandike nini?"

"Si unaijua, mzee. Vitumbua."

"Una kibali?"

"Zamani nilikuwa na meza ya vyungu sokoni. Ile niliandikishwa."

"Vyungu viko wapi sasa?"

Filomena alimnyooshea kidole dada yake mkekani.

"Namtunza dada yangu," alisema. "Nampikia, namwogesha, namfunga kidonda, namchotea maji. Tangu asubuhi mpaka usiku. Hiyo andika."

"Hiyo si kazi," Bakari alisema. Hakuwa mkali, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza hesabu kwa mtoto. "Hiyo ni huruma. Haimo."

"Wakimchukua wanampeleka wapi?" Bernadeta aliuliza kutoka mkekani.

"Vijijini. Kulima. Wanapewa jembe na shamba."

"Na mie?"

"Wewe hawakugusi." Bakari aliinuka, akamwinamia, akatabasamu kwa wema wa kweli. "Wewe umeandikwa asiyejiweza. Wewe uko salama kabisa hapa juu."

Tangu siku hiyo Filomena hakukaanga tena vitumbua nje. Alitoka kwa maji tu, alfajiri, kanga imemfunika hadi machoni, akarudi akihema. Usingizini alisaga meno. Bernadeta alikunywa kidogo ili ndoo zipungue. Alijifunza kuzihesabu nyayo za mdogo wake kwenye ngazi kwa sauti peke yake, kuzitofautisha na za wengine, na zilipochelewa aliacha kupumua.

Asubuhi moja zilichelewa.

Kwanza alisikia lori. Likasimama uani, injini haikuzimwa. Halafu filimbi, halafu ndoo ikianguka kwenye saruji na kubingirika, na mwanamume akisema, "Kaeni chini nyote, kitambulisho mkononi." Mtoto alilia. Mtu alijitetea kwamba yeye ni karani, mke wake akalete koti lenye kitambulisho. Kisha katikati ya sauti zile akaisikia moja.

"Nina mgonjwa juu! Jamani, nina mgonjwa!"

Bernadeta alijivuta. Goti bovu lilibaki nyuma kama kitu kilichokwama, akalivuta nalo. Alipita kizingiti cha kibaraza kwa tumbo, akafika ukutani, akaita. "Filo! Filomena!" Injini ilimeza jina. Akapiga ukuta kwa viganja. Zege halikutoa hata mlio.

"Dada yangu yuko ghorofa ya tatu! Nendeni mkaangalie! Yuko peke yake!"

"Panda lori, mama. Wote mnasema hivyo hivyo."

Akazungusha vidole kwenye ukingo wa juu. Alikuwa na mabega ya mtu aliyetembea kwa mikono maisha yake yote, na alijiinua. Mwili ukaachana na sakafu, kifua kikasuguana na zege, paji la uso likafika karibu na ukingo, likakomea hapo. Hakuna cha kukanyagia. Akainua mkono mmoja juu ya ukuta, akaupunga kwa nguvu, akaanguka. Akajiinua tena. Akapunga tena.

"Mzee Bakari! Balozi! Waambie niko huku!"

Chini palitulia kidogo. Alimsikia Bakari akikohoa kile kikohozi chake cha mkutanoni, naye akamsubiri aseme. Bakari hakusema. Badala yake sauti changa, ya kijana wa mgambo, ilipaa juu ya zote kwa furaha.

"Oneni kule juu! Watu wa ghorofani wanawaaga! Wapungieni na nyie, pungeni mikono!"

Baadhi ya watu walicheka. Mtu alianzisha wimbo wa kujenga taifa, wengine wakaudaka. Lori likaingizwa gia. Bernadeta alikuwa ananing'inia kwa mkono mmoja, ule mwingine uko juu hewani, wazi, vidole vimetanuka, na hakujua kama akiurudisha ndani wataelewa, au kama akiuacha pale wataendelea kumpungia.